Maji ya mwarobaini kwenye nyanya za masika: kisa cha robo eka Arumeru

Tuchukue shamba la nyanya la robo eka kwenye miteremko ya chini ya Mlima Meru, wilayani Arumeru, mkoani Arusha, mwinuko wa mita kama 1,200. Mbegu ni ya aina iitwayo Tanya. Miche imehamishiwa shambani katikati ya Machi kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 50, kwa hiyo inakaribia 2,700. Msimu uliopita palipandwa viazi mviringo hapohapo. Maji ni ya kisima. Hali hii hujirudia eneo hili kila masika, mkulima akibadilika na mambo yakibaki yaleyale, ndiyo maana inafaa kufuatwa hatua kwa hatua.

Wiki ya nne, majani ya chini yanaanza kuwa na madoa ya kahawia. Mkulima anatumiwa kwenye simu maelekezo ambayo yamepita mikononi mwa watu wengi: debe la majani ya mwarobaini, vitunguu saumu vichache, chemsha vyote pamoja, acha viloweke siku saba, tia sabuni ya unga, chuja, pulizia. Anafanya hivyo hivyo. Anapulizia saa 6 mchana kwa sababu asubuhi majani yalikuwa na umande. Kesho yake kingo za majani machanga zimeungua. Madoa yanaendelea kupanda kutoka chini. Anarudia mara moja baada ya wiki mbili. Mwishoni mwa Aprili zinakuja siku tatu za manyunyu na baridi. Mabaka meusi yenye majimaji yanatokea juu kwenye majani mapya na kwenye mashina, na ndani ya wiki moja shamba zima limenyauka kama lililomwagiwa maji ya moto.

Mkulima anasema dawa za majani ni uongo. Jirani yake anasema dawa ni nzuri, ila hakuchemsha vya kutosha. Kwa kisa hiki hukumu zote mbili haziko sawa, na sababu zinaanzia kwenye yale madoa ya kwanza.

Magonjwa yalikuwa mawili

Madoa ya wiki ya nne yalikuwa bakajani tangulia. Ugonjwa huu huletwa na ukungu wa jamii ya Alternaria. Alama yake ni doa la kahawia lenye miduara inayozungukana, mara nyingi likiwa na njano pembeni, na huanza kwenye majani makongwe ya chini. Hupenda joto la nyuzi 24 hadi 29 na majani yanayolowa na kukauka mara kwa mara. Hukaa kwenye mabaki ya mazao na kwenye udongo, na tone la mvua likigonga ardhi hurusha vijimbegu vyake juu ya jani la kwanza linalokutana nalo. Viazi vya msimu uliopita, ambavyo ni ndugu wa nyanya, vilikuwa vimemwachia mkulima huyu akiba ya kutosha.

Mabaka ya mwisho wa Aprili yalikuwa bakajani chelewa, ugonjwa uleule ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia 1845. Kimelea chake, Phytophthora infestans, kwa macho kinafanana na ukungu, lakini kwa nasaba ni kitu kingine kabisa, kiko karibu zaidi na mwani kuliko kuvu. Kuta za seli zake zimejengwa kwa vitu tofauti na vya kuvu wa kweli. Kwa hiyo dawa iliyoonekana kuzuia Alternaria, iwe ya dukani au ya majani, haina dhamana yoyote ya kuizuia Phytophthora. Kimelea hiki hupenda baridi ya nyuzi 15 hadi 20 na unyevu usiokatika, na hakianzii lazima majani ya chini. Katika hali hiyo mmea ulioambukizwa leo unaweza kuonyesha mabaka ndani ya siku 3 hadi 7, na kila baka linatoa vijimbegu vipya kwa maelfu.

Kuyatofautisha hakuhitaji maabara. Chuma jani lenye doa jioni, liweke kwenye mfuko wa plastiki wenye karatasi iliyoloweshwa, funga, acha ndani ya nyumba pasipo jua hadi asubuhi. Likiwa ni chelewa, upande wa chini wa jani, pembeni mwa doa, utaota utando mweupe mwembamba kama vumbi. Likiwa ni tangulia huoni utando huo, na miduara inabaki wazi. Kuna na wa tatu wa kuangalia: vidoadoa vidogo vyeusi vyenye mafuta mafuta, vikiambatana na vipele vinavyokwaruza kwenye tunda, mara nyingi ni bakteria, na hapo dawa nyingi za ukungu hazisaidii.

Kwa maoni yetu jaribio la mfuko wa plastiki lina thamani kuliko mapishi yote yanayosambazwa. Mkulima huyu alikuwa na nafasi ya kusaidika wiki ya nne. Wiki ya saba, mbele ya bakajani chelewa, hakukuwa na jani la mti wowote wa Arumeru ambalo lingemwokoa.

Maji ya majani hufanya kazi wapi

Kijimbegu cha Alternaria kikitua juu ya jani lenye maji huota kwa saa chache tu. Kikishapenya ngozi ya jani kinakuwa ndani ya mmea, na doa huonekana siku kadhaa baadaye. Maji ya majani hukaa juu ya ngozi ya jani. Vitu vilivyomo huzuia kijimbegu kuota au hudhoofisha uzi wake wa kwanza, lakini haviingii ndani kufuata ukungu uliokwisha kupenya. Doa unaloliona leo ni la maambukizi ya wiki iliyopita. Ukilipulizia unalinda majani mengine, hulitibu lile.

Kwa mimea michache kuna na kazi ya pili, ya kuamsha kinga ya mmea wenyewe. Mfano unaojulikana zaidi ni mmea wa Asia ya Mashariki uitwao Reynoutria sachalinensis, ambao dondoo lake limekuwa dawa ya viwandani inayouzwa Marekani kwa jina la Regalia. Dawa hiyo hupimwa, husawazishwa na hufungashwa kitaalamu, lakini hata hivyo matumizi yake ni ya kutangulia ugonjwa, na hushauriwa ipokezane na dawa nyingine. Kama kiwanda chenye mitambo yake hakijengi biashara juu ya tiba ya shamba lililokwisha shikwa, ndoo ya nyumbani isibebeshwe mzigo huo.

Mwarobaini nao unahitaji kusemwa ukweli. Sifa yake kubwa imetokana na mbegu na mafuta ya mbegu, na hasa dhidi ya wadudu. Kiini chake kinachojulikana zaidi, azadiraktini, kimejaa kwenye mbegu na ni kichache kwenye majani. Majani yana vitu vingine vinavyozuia kuvu, ila vingi haviyeyuki vizuri kwenye maji. Hapo ndipo habari za maabara zinapowapoteza watu. Kwenye sahani ya maabara majani mara nyingi hukamuliwa kwa spiriti, dondoo huchanganywa ndani ya chakula cha ukungu, na ukungu unalazimika kulila usiku na mchana pasipo jua wala mvua. Shambani mkulima anakamua kwa maji, anapaka tabaka jembamba, jua linalichoma, mvua inaliosha. Matokeo ya sahani yanatuambia mmea gani unastahili kujaribiwa. Hayatuambii kiasi gani cha kupulizia kwenye nyanya.

Kwa shamba kama hili tungeuchanganya mwarobaini na kivumbasi. Chagua kivumbasi kinachonuka karafuu ukisugua jani kati ya vidole: harufu ile ni ya eujenoli, mafuta yaleyale yaliyomo kwenye karafuu, na eujenoli ni adui wa kweli wa kuvu. Vivumbasi haviko sawa. Kuna vinavyonuka limao, kuna vinavyonuka kama dawa ya kifua, na nguvu yao hutofautiana hata kichaka kwa kichaka. Pua yako ndiyo kipimo cha kwanza. Mchaichai, wenye harufu ya limao, nao unafaa.

Yapo majani ya kuyaacha kabisa. Tumbaku inatajwa sana kwenye maelekezo ya mitandaoni, na kwa nyanya ni kosa kubwa. Nikotini ni sumu kali ya wadudu na ya mtu, inapenya hata kwenye ngozi, wala haijulikani kwa kuzuia ukungu. Baya zaidi, majani ya tumbaku, hata yaliyokaushwa, yanaweza kubeba virusi vya batobato ya tumbaku, na virusi hivyo vinashambulia nyanya. Ukiloweka tumbaku kwenye maji baridi na kuyapulizia, unaweza kuwa unapanda ugonjwa usio na dawa. Utupa nao ni wa wadudu, na huua samaki maji yake yakifika mtoni. Majani ya viazi, bilinganya na mnavu yanaugua magonjwa yaleyale ya nyanya, basi yasikaribie ndoo.

Ndoo ilivyotengenezwa, na ilivyopaswa kutengenezwa

Kosa la kwanza ni debe. Debe la majani yaliyomwagwa tu na debe la majani yaliyoshindiliwa ni vipimo viwili tofauti kabisa, na majani ya baada ya mvua yana maji mengi kuliko ya kiangazi. Pima kwa mizani. Kiwango cha kuanzia ni asilimia 10, yaani kilo 1 ya majani mabichi kwa lita 10 za dawa iliyokamilika. Asilimia 10, ila kwa unga wa majani makavu, pamoja na sabuni kidogo ya asilimia 0.1, ni miongoni mwa viwango vilivyotumiwa na watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha walipojaribu mimea ya kienyeji dhidi ya wadudu wa maharage. Kwa magonjwa hatuwezi kukichukua kama amri, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu majani ya nyanya kwa kawaida hayaungui na kazi yake inapimika.

Kosa la pili ni kuchemsha. Mafuta ya kivumbasi na mchaichai hupaa na mvuke, na ile harufu nzuri iliyojaa jikoni ndiyo dawa yenyewe inayoondoka. Kitunguu saumu nacho kinaharibika kwa njia nyingine. Nguvu yake, alisini, haimo ndani ya kitunguu kizima. Hutengenezwa pale punje inapopondwa na kimeng'enya kilichomo kukutana na kitu kilichotengwa nacho. Moto unakiua kimeng'enya hicho kabla hakijafanya kazi. Ukitaka kutumia kitunguu saumu, kiponde kibichi, kiache dakika 10 hewani, kisha kitie kwenye maji baridi na kitumike siku hiyohiyo. Ipo mimea inayotaka kuchemshwa: mkia wa farasi uliokubaliwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2014 kama kinga ya ukungu hupikwa dakika 45, gramu 200 za mmea mkavu kwa lita 10 za maji, kisha huzimuliwa mara 10. Lakini huo ni mmea wenye madini ya silika na hauna mafuta ya kunukia. Mapishi ya mmea mmoja hayahamishiwi kwa mwingine.

Kosa la tatu ni siku saba. Majani yaliyoloweka wiki nzima kwenye joto yanachacha. Bakteria wanakula vile vitu ulivyotaka viende shambani, harufu inageuka ya uvundo, na utelezi unaziba nozeli. Watu wengi huona uvundo kama dalili ya ukali. Kwa ukungu wa nyanya uvundo ni dalili kwamba dawa imeliwa na wengine. Nyanya huliwa mbichi kwenye kachumbari, na maji yaliyochachia kwenye ndoo chafu yanaweza kubeba vijidudu vya kuharisha hadi mezani.

Kosa la nne halionekani kwa macho: maji. Maji mengi ya visima kuzunguka Meru ni ya magadi, yana floraidi na pH yake (kipimo cha uchachu wa maji) hupanda juu ya 8. Azadiraktini huvunjika haraka kwenye maji ya namna hiyo, na dawa nyingi za dukani pia hudhoofika. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa. Yakikosekana, nunua karatasi za kupimia pH, kamua limao kidogo kidogo kwenye ndoo huku ukipima, ufike kati ya 5 na 6.5, usishuke chini ya hapo.

Kosa la tano ni sabuni ya unga. Ina magadi na vitu vya kung'arisha nguo, na ndiyo iliyounguza kingo za majani machanga, ikisaidiwa na jua la saa 6. Jani la nyanya lina nta nyembamba inayolilinda. Sabuni ikizidi huivua nta hiyo, na jani lililovuliwa nta linashikwa na ukungu kwa urahisi zaidi kuliko jani ambalo halikupuliziwa kitu. Mkulima alikuwa analipa ili kuumia.

Kwa ndoo moja ya lita 20, basi, fanya hivi. Chuma kilo 1 ya majani mabichi yaliyokomaa ya mwarobaini na kilo 1 ya kivumbasi, asubuhi umande ukishakauka. Tupa yenye madoa. Suuza, kata vipande, kisha twanga kwenye kinu hadi yawe rojo. Kukata peke yake hakutoshi, kwa sababu vitu tunavyovitafuta vimefungiwa ndani ya seli na seli lazima zipasuke. Tia rojo kwenye ndoo ya plastiki yenye lita 8 za maji, ongeza mililita 20 za sabuni ya maji ya kuoshea vyombo isiyo na jiki, yaani vijiko vinne vya chai. Sabuni ikiingia hapa mwanzoni inasaidia mafuta ya kivumbasi kuchanganyika na maji. Funika, weka kivulini saa 12 hadi 24, ukikoroga mara mbili tatu. Chuja kwa chujio, kisha chuja tena kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili, ukikamua kwa nguvu. Ongeza maji hadi lita 20. Usiongeze sabuni nyingine. Mashapo yarudishe kwenye mboji.

Vaa glovu wakati wa kutwanga na kukamua, na miwani wakati wa kupulizia. Eujenoli inachoma macho. Dawa itumike siku ileile iliyochujwa. Ya kesho ni maji ya kijani tu. Majani yakiwa adimu msimu wa kiangazi, yakaushe kivulini hadi yavunjike mkononi, hifadhi kwenye gunia safi, na tumia gramu kama 300 za majani makavu badala ya kila kilo 1 ya mabichi. Mwarobaini unavumilia kukaushwa. Kivumbasi kinapoteza sehemu ya mafuta yake, kwa hiyo kwa hicho ni afadhali kibichi.

Kupulizia

Kabla ya shamba zima, pulizia miche mitano na usubiri siku mbili. Majani yakijikunja au kingo zikikauka, zimua kwa maji nusu kwa nusu ujaribu tena.

Saa ya kupulizia ina mvutano ndani yake. Jua kali linavunja dawa na kuunguza majani, kwa hiyo mchana hapana. Lakini ukipulizia jua likizama, majani yanalala yamelowa, na unyevu wa usiku mzima ni zawadi kwa ukungu. Kati ya saa 10 na saa 11 na nusu jioni ndiyo nafasi nzuri: jua limepoa, na bado kuna muda wa majani kukauka. Tumia nozeli inayotoa manyunyu membamba ya mzunguko, na anza chini ya majani, bomba likielekezwa juu, ndipo umalizie upande wa juu. Bomba likipita juu tu unakuwa umelinda nusu ya jani.

Rudia kila siku 5 hadi 7, na mvua kubwa ikinyesha kabla ya siku hizo, rudia majani yakikauka. Hapa ndipo masika yanapomshinda mtu. Mvua ikinyesha kila siku hakuna dawa ya majani itakayobaki juu ya mmea, na ukweli huo usifichwe na mtu yeyote anayefundisha dawa hizi. Mkulima wetu alipulizia mara mbili tu, wiki mbili zikiwa katikati. Hata kama ndoo ingetengenezwa kwa usahihi wote, kwa siku nyingi zaidi ya nusu mimea yake isingekuwa na kitu juu yake.

Anza lini? Wiki ya pili baada ya kuhamisha miche, kabla ya doa lolote. Ukisubiri uone ugonjwa umechelewa kwa wiki nzima.

Hesabu ya majani nayo ipigwe mapema. Nyanya changa za robo eka zinahitaji dawa kama lita 40 kwa mpulizio mmoja, yaani kilo 4 za majani. Zikishajaa zinahitaji lita 80, kilo 8. Kwa mipulizio kumi ya msimu unafika kilo 60 hivi, zote za kuchumwa na kutwangwa kwa mkono. Kwa robo eka kazi hiyo inawezekana kwa familia yenye miti miwili mitatu ya mwarobaini na ua wa kivumbasi. Kwa eka nzima ni kilo 240, na hapo tunasema wazi kwamba njia hii haifai. Dawa ya majani ni ya bustani na vitalu na mashamba madogo. Anayelima eka tano akiishikilia atajikuta ameacha kupulizia wiki ya nne kwa uchovu.

Kilichokuwa na uzito kuliko ndoo

Kwenye robo eka hii, mambo mawili yasiyo na dawa ndani yake yangezuia bakajani tangulia zaidi ya mapulizio yote. La kwanza ni matandazo. Nyasi kavu zenye unene wa sentimita 5 hadi 8 kuzunguka mashina huzuia matone kurusha udongo wenye vijimbegu. La pili ni kusimika miti, kufunga mimea, na kuondoa majani ya chini hadi kishada cha kwanza cha matunda, siku kavu, yakatolewa nje ya shamba na kufukiwa. Majani hayo yangeondoka pamoja na madoa ya kwanza, upepo ungepita, majani yangekauka mapema asubuhi.

Ukiongeza na kutopanda nyanya palipokuwa na viazi, bilinganya, pilipili au nyanya kwa angalau misimu mitatu, ukatibu mbegu ulizojikamulia mwenyewe kwa maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25 kamili kwa kipimajoto, ukamwagilia kwenye mifereji badala ya kunyunyiza juu, basi maji ya mwarobaini na kivumbasi yanapata kazi inayolingana na nguvu yake. Lishe pia isisahaulike. Alternaria hupata urahisi kwenye mimea iliyochoka, yenye matunda mengi na njaa ya naitrojeni. Mara nyingi shamba linalosemwa limeshindwa na ukungu limeshindwa kwanza kwa kukosa samadi.

Zikija siku mbili mfululizo za baridi na manyunyu, badili mpango. Siku hiyohiyo, kabla ya mabaka, tumia dawa ya kopa (yaani ya madini ya shaba) iliyosajiliwa, kwa kipimo cha lebo, ukiheshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kopa inakubalika hata kwa wengi wanaolima kwa njia za asili, na kazi yake dhidi ya ubwiri na bakajani inajulikana tangu Millardet, mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, alipoonyesha mchanganyiko wa mrututu na chokaa kule Bordeaux mwaka 1885. Usiichanganye na maji ya majani ndani ya bomba moja. Tanini za majani hushikana na kopa na kuidhoofisha. Mche wa kwanza kuonyesha utando mweupe ung'olewe ukiwa ndani ya mfuko, utolewe shambani na kufukiwa kina cha nusu mita. Kuuburuta wazi kati ya mistari ni kuusambaza.

Jambo moja la sheria, maana huwa linasahaulika jirani akianza kuomba chupa. Kutengeneza kwa shamba lako ni jambo moja. Kuuza ni jingine: kiuatilifu kinachouzwa Tanzania, hata kikiwa cha majani matupu, kinatakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao Arusha hapohapo.

Mistari ya kulinganisha

Shamba lile halikuwa na mstari hata mmoja usiopuliziwa, kwa hiyo hata kama dawa ingekuwa imesaidia kidogo mkulima asingejua. Msimu unaofuata, tenga mistari tisa katikati ya shamba, mbali na njia na mifereji. Mitatu ipate dawa ya majani. Mitatu ipate maji na sabuni ile ile, mililita 20 kwa lita 20, bila majani, kwa sababu sabuni peke yake hubadilisha mambo na tunataka kujua majani yameongeza nini. Mitatu isipuliziwe chochote. Usiipange yote pamoja; ichanganye, dawa, sabuni, tupu, kisha rudia, ili tofauti ya udongo isijifanye dawa. Weka vijiti vyenye rangi.

Kila wiki, kwenye mimea kumi ya kila mstari, hesabu majani yenye miduara kati ya majani kumi ya chini. Andika tarehe, mvua, na siku uliyopulizia. Fanya hivyo hadi mchumo wa kwanza.

Mistari ya dawa ikiwa na madoa machache kuliko ya sabuni wiki baada ya wiki, una mchanganyiko unaofaa kwa maji yako, kivumbasi chako na hewa yako, na unaweza kuanza kupunguza kilo uone inashikilia hadi wapi. Mistari ya dawa na ya sabuni ikilingana huku ile mitupu ikiwa mbaya zaidi, sabuni ndiyo iliyofanya kazi, na unaweza kuacha kutwanga. Aina zote tatu za mistari zikilingana, weka nguvu zako kwenye matandazo na kopa, na majani ya mwarobaini yaache mtini.